Choroko Juu ya Pamba

Kwenye dirisha la darasa la awali, katika shule moja ya msingi hapa Lamadi, zimepangwa chupa za maji zilizokatwa nusu. Ndani ya kila chupa kuna donge la pamba iliyoloa, na kati ya pamba na ukuta wa chupa zimebanwa punje chache za choroko. Kila chupa ina karatasi yenye mchoro: samaki, jua, ng'ombe, jembe, kwa kuwa wenye chupa hizo wana miaka mitano na bado hawajui kuyasoma majina yao. Kabla ya kengele wanajazana pale dirishani, pua zimegusa plastiki. Siku ya kwanza choroko hunywa maji na kuvimba. Kisha ganda la kijani huchanika, kijizizi cheupe kikachungulia, kikajikunja na kuanza kushuka, hata kama punje yenyewe ililazwa kichwa chini. Baada ya hapo hutoka shingo iliyopinda, nayo hujinyoosha polepole ikiinua nusu mbili za punje, na katikati yake majani mawili membamba ambayo bado yamekunjamana. Mwenye samaki anamvuta mwenye jembe aje aone. Mzizi unajua chini ni wapi bila kuelekezwa, na kwa dakika kadhaa watoto zaidi ya sitini wametulia bila kuambiwa wanyamaze.

Macho yangu yalianza kwenye choroko, kama yao, kisha yakahamia kwenye pamba. Haikununuliwa duka la dawa. Ilichumwa katika mashamba ya wazazi, ndani ya mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo, na ilipoletwa darasani iliyakataa maji. Watoto waliimiminia, matone yakaviringika juu yake na kuanguka. Donge walilolitupia kwenye beseni likaelea. Pamba inapotoka shambani, kila uzi wake umefunikwa na nta nyembamba isiyoonekana kwa macho, na nta hiyo ndiyo inayoyafukuza maji. Viwandani huondolewa kwa kuchemsha pamba katika soda kali (caustic soda), ndiyo maana pamba ya hospitali hunywa damu na dawa papo hapo. Mwalimu hakutaka soda ya namna hiyo ikaribie watoto. Alichuja maji ya majivu nyumbani kwake, akaichemsha pamba humo kwa muda mrefu, akaisuuza, akarudia, kisha akairudisha darasani ili waimiminie tena mbele ya wenzao. Safari hii ilikunywa, ikazama. Mbegu za pamba zenyewe hazitumii kwa kazi hii, maana nyingine hutolewa zikiwa zimepakwa dawa ya wadudu, na mkono wa mtoto wa umri ule huishia mdomoni.

Nimekaa na wakulima wa Busega ambao wameuza pamba tangu ujana wao, watu wanaoweza kutenganisha pamba safi na pamba fifi kwa kuitupia jicho mara moja mbele ya mzani wa chama cha msingi. Ujuzi wao ni mkubwa na naustahi. Lakini pamba kwao imekuwa kitu cha kupalilia, kupulizia dawa, kuchuma, kupima na kungoja malipo. Imepita mikononi mwao ikienda kwingine, na siri zake nyingi hufunguliwa mbali na hapa. Mtoto wa mkulima wa namna hiyo sasa anajua kwa nini pamba ya baba yake hailoi. Sijui atalitumia wapi jambo hilo. Ninachokiona ni kwamba amelipata kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kitu cha nyumbani kwao, kabla hajafundishwa na mtu yeyote kwamba maarifa hutoka mbali.

Lamadi ni mji wa njia panda. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapita katikati, na hapo hapo inachepuka ile ya Bariadi, kilomita kama 70 kuingia ndani ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 pamoja na Wilaya hii ya Busega. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke, na dagaa wameanikwa wakimetameta. Upande mwingine, mwendo mfupi tu, lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Mtoto anayekulia hapa huona mengi yakipita: mabasi ya Tarime, malori ya marobota ya pamba, mikokoteni ya ng'ombe, magari ya watalii yenye paa linaloinuka. Na yote hayo huyatengeneza upya. Baada ya mavuno ya mtama nenda nyuma ya nyumba yoyote ukatazame. Bua linamenywa kwa meno, ganda linatolewa kwa vipande virefu vyembamba, moyo wake mwepesi unakatwa vipande vifupi. Vipande vya moyo ndivyo mwili wa gari. Vijiti vya ganda ndivyo misumari. Unachoma kijiti cha ganda ndani ya moyo, nao unakishika bila gundi. Ganda la bua lina makali, na kila fundi wa umri huo ana mchubuko kwenye kidole gumba. Magurudumu hukatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Niliwahi kumtazama mtoto mmoja akihangaika na paa la gari lake la watalii: alitaka liinuke na kubaki juu, nalo likawa linaanguka. Akapunguza moyo wa bua, likawa jepesi. Akaongeza vijiti viwili vya kulishikilia. Likasimama. Halafu akalibomoa lote na kuanza upya, kwa sababu, alisema, dereva hakuwa na mahali pa kukaa.

Elimu ya mtoto yule ilikuwa ikiendelea bila mwalimu, bila ada, bila kitabu, na ilikuwa na kila tunachokitamani katika shule: tatizo, jaribio, sababu, jaribio la pili, na kutoridhika. Inaniuma kwamba mtoto huyo huyo akivuka geti la shule anaacha gari lake nje. Ndani anangojwa na wimbo wa a-e-i-o-u na penseli ambayo vidole vyake havijaizoea. Watu wengi huona kwamba mkono unaotengeneza na mkono unaoandika ni mikono miwili tofauti, mmoja wa mchezo na mwingine wa maisha. Ni mkono mmoja. Vidole vilivyobana kijiti cha bua, vilivyofinya udongo hadi pembe ya ng'ombe ikasimama, vilivyookota punje moja ya choroko kutoka kwenye ungo, ndivyo vitakavyoishika penseli bila kutetemeka.

Udongo nao una habari zake. Wasukuma wana majina ya udongo yanayofuata mteremko: juu, karibu na miamba, kuna luseni wenye mchanga, chini zaidi kuna itogolo, unaokazana kiangazi hadi jembe linalia, na bondeni kabisa kuna mbuga, mweusi, mzito, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kumeza mguu jua likizidi. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, nalo likaingia katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani kote. Wakulima wa huku walikuwa wameshautaja kwa majina yao, hatua kwa hatua, kutoka kilimani hadi bondeni. Mtoto anayechunga ndama ameuzoea kwa nyayo kabla hajaujua kwa jina. Mwambie afinyange ng'ombe kwa udongo wa mbuga mtupu, naye atakuonyesha kesho yake ng'ombe aliyepasuka mgongo. Mwambie afinyange kwa luseni, atakuambia haushikani. Kwa hiyo anachanganya. Anatia mchanga kidogo, anaongeza maji, anaufinya udongo ngumini na kutazama kama umebaki na alama za vidole. Ng'ombe anayetoka hapo ana nundu, ana pembe zilizopinda sawasawa na za yule wa nyumbani, na amewekewa uzio wa miiba.

Kuna methali tuliyoizoea mno tunapozungumzia watoto: udongo uwahi ungali maji. Wengine husema samaki mkunje angali mbichi, na kwa watu wa ziwani methali hiyo haihitaji maelezo. Zote mbili ni za kweli kwa namna yake, na wazee waliozitunga walijua uzito wa miaka ya mwanzo. Lakini tumezirudia hadi tumemwona mtoto kuwa ndiye udongo, na sisi ndio wafinyanzi. Tukishaamini hivyo, kazi ya darasa la awali inakuwa kumbonyeza: kaa, nyamaza, rudia, andika. Mimi namwona mtoto wa Lamadi mahali pengine katika methali ile. Yeye ndiye mwenye mikono michafu. Udongo uko mbele yake, na ni yeye anayepaswa kuuwahi kabla haujakauka.

Jambo hili lina uzito wa pekee huku kwetu kwa sababu ya lugha. Watoto wengi wa vijiji vinavyozunguka mji huu hufika shuleni wakiwa na Kisukuma tu kinywani. Darasani wanakutana na Kiswahili, na mtoto aliyekuwa msemaji hodari nyumbani kwa bibi yake anageuka bubu kwa miezi. Nimemwona mmoja wa aina hiyo siku ya udongo. Alikuwa hajatamka neno tangu muhula uanze. Alifinyanga mtungi mdogo, akaukunja ukingo kwa kidole kilicholowa, na mwenzake aliyekaa pembeni, anayejua Kiswahili, akaanza kumwiga. Yule mnyamavu akamsogezea mkono kwenye ukingo kumwonyesha. Kisha mwalimu akauliza, huu nini? Akajibu kwa Kisukuma. Mwalimu akalirudia jibu lake jinsi lilivyo, akalisifu, ndipo akasema "mtungi," na mtoto akasema "mtungi." Hakulipokea neno likiwa tupu, maana kitu chenyewe alikuwa nacho mkononi, tena amekitengeneza yeye. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kuanza mwaka 2014, uliufanyia kazi ugumu huu katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwamo: watu wa vijijini waliandaliwa kuwapokea watoto kwa wiki kadhaa kabla ya shule, kwa hadithi, michezo na Kiswahili cha taratibu. Fedha za wafadhili zina mwanzo na mwisho. Ugumu wa lugha huzaliwa upya kila Januari.

Nikizungumza hivi juu ya mikono na udongo, najua wapo watakaokumbuka jembe la shule. Wana haki ya kukumbuka. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, aliitaka shule iwe na shamba ambalo watoto wanapanga, wanajaribu, wanakosea na kuvuna wenyewe; Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililopitishwa kaskazini mwa hapa, likaikazia elimu kwa wote na elimu inayofungamana na kazi. Wazo lilikuwa kubwa na bado naliamini. Lakini katika shule nyingi shamba liligeuka adhabu. Aliyechelewa akalime. Aliyekosa hesabu akafyeke. Mavuno wengine hawakuyaona wala kuyaonja. Vizazi kadhaa vimejifunza kuichukia ardhi kwenye shamba la shule, na mtu aliyefundishwa kwamba jembe ni bakora hawezi kulishika kwa furaha hata akiwa kwake. Kwa watoto wadogo kosa hilo ni baya zaidi. Kipande cha bustani cha mtoto wa miaka mitano kinatakiwa kiwe chake, chenye upana ambao mikono yake inaufikia pande zote, na mchicha utakaoota humo auchume yeye, aupeleke kwa mama yake. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 huko Blankenburg, alisisitiza jambo hili hili: bustani ya pamoja iwepo, lakini kila mtoto awe na kitalu chake pia. Hapa kwetu wapo wazazi ambao hufanya hivyo bila kumsikia Fröbel. Jembe likilika kwa miaka, likabaki kipande, halitupwi. Linatiwa mpini mfupi, na mtoto anapewa mstari wake mwishoni mwa shamba la viazi. Mstari ule haumsaidii mama kwa lolote. Mara nyingi unamrudisha nyuma, maana lazima aurekebishe mtoto akishalala.

Serikali nayo, kwenye karatasi, imekwenda mbali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Mtaala wa mwaka 2016 ukataka darasa liwe na kona za ujifunzaji, ambako mtoto anachagua, anashika, anapanga, anajenga. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu Januari 2016, ada na michango ilipoondolewa, watoto wamefurika, na hilo ni jema. Lakini katika madarasa mengi ya mkoa huu idadi imepita mara mbili au tatu ya ile ya mwongozo, na kona zimebaki michoro ukutani. Wengi husema hakuna vifaa. Ninaposikia neno hilo hapa, natazama nje ya dirisha: vizibo vya soda vimetapakaa stendi, mabua yamelala mashambani, kokoto, mapumba ya mpunga, maboksi, mbegu za mbuyu, makopo, matambara ya fundi cherehani. Hata chaki vijana wa Maswa, katika mkoa huu huu, walijifunza kuzitengeneza. Kinachopungua ni mwalimu mwenye nafasi ya kukaa chini na watoto kumi huku wengine hamsini wakiwa na la kufanya. Upungufu huo vizibo vya soda haviuzibi, na sipendi utumike umaskini wa shule kuwa kisingizio cha kutoajiri.

Wazazi pia wana neno lao. Mama anayeuza dagaa tangu alfajiri ili alipie sare anataka kuona daftari. Mwanawe akirudi na udongo kwenye mikono, anauliza, leo mmejifunza nini? Akijibiwa "tumefinyanga," moyo wake unashuka. Kufinyanga angeweza kufinyanga nyumbani. Namwelewa. Kwake shule ni mlango wa kutoka katika udongo, na si busara kumhubiria uzuri wa udongo mtu ambaye umemvunja mgongo. Huyo hashawishiki kwa maneno, anahitaji kuonyeshwa. Siku ya kikao cha wazazi mwalimu aliwapa watoto vizibo na ng'ombe wao wa udongo, akawaambia wawagawe mazizini, kila zizi sawa. Wakagawa. Ng'ombe mmoja akabaki. Watoto wakabishana afanywe nini, mmoja akasema auzwe, mwingine akasema afinyangwe wa pili ili wagawanyike. Akina baba waliokuwa wameegemea mlangoni wakaanza kuingilia mjadala, kila mmoja na hoja yake, kwa sauti ya mtu anayegawa urithi. Hakuna aliyeuliza daftari siku ile.

Kuna choroko ambazo hazioti. Katika kila mstari wa chupa dirishani ipo moja iliyooza, ama kwa sababu maji yalizidi, ama mbegu ilitobolewa na fukusi, ama mwenyewe aliichomoa kila asubuhi kuangalia mzizi umefika wapi. Kishawishi cha mtu mzima ni kuibadilisha usiku, ili asubuhi mtoto akute kijani kama wenzake. Mwalimu huyu habadilishi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mtoto wa mkulima wa Simiyu ataiona mbegu ikifia ardhini mara nyingi, maana mvua za Novemba huja, hukatika, na shamba likapandwa upya. Ameshaziona nyuso za wazazi wake zikitazama juu. Tofauti ni kwamba hasara ile ya nyumbani ni nzito mno kwake, haimpi nafasi ya kuuliza. Hii ya kwenye chupa ni ya ukubwa wake. Anaweza kuimwaga mezani, kuinusa, kuipasua kwa kucha, kulinganisha na ya mwenzake, kisha kuchagua punje nyingine na kuamua yeye mwenyewe kupunguza maji. Mwenye alama ya jua alipanda mara tatu. Ya tatu aliisimamia hadi wenzake wakachoka kumngoja kwenda kucheza.

Udongo wa kufinyangia ulikuwa ukichotwa karibu na ziwa, kwa kuwa ndiko ulikokuwa laini. Hilo limesimamishwa, na ni vizuri, kwani kwenye maji ya kingoni kuna kichocho, na mtoto akishatia miguu humo kuchota hatoki kwa haraka. Sasa mwalimu anatumia udongo wa kichuguu, unaotwangwa na kuchekechwa. Na kwa sababu wao ni wengi na yeye ni mmoja, aliomba msaada kwa bibi mmoja wa mtaani ambaye zamani alikuwa akifinyanga vyungu vya kuuza mnadani. Bibi alikuja na mkeka wake, akakaa chini ya mti na watoto kumi, akawaacha wakande kwanza kwa muda mrefu bila kuwaambia wafinyange nini. Walipoanza kumwamkia "Shikamoo bibi" mara ya pili na ya tatu ili awatazame kazi zao, alizitazama moja moja, akizigeuza chini juu. Mwalimu alimwuliza, kwa adabu, kama angependa shule imtafutie chochote kwa muda wake. Bibi akasema aletewe udongo uliochekechwa vizuri, maana ule wa leo ulikuwa na vijiwe, na ukingo wa chungu ukiwa na kijiwe haushiki.